Gari limezimwa, moto ndiyo unaanza

Ukizima injini baada ya safari ndefu kisha ukasimama kimya kando ya gari, utasikia chuma kikilia: tik, tik, tik. Ni eksozi inapoa. Wengi wakisikia hivyo hujua safari imeisha, wanachukua mizigo na kuingia ndani. Sisi tunaofundisha ufundi magari tunaiogopa dakika hiyo. Gari likitembea, upepo unaopita kwenye rejeta na chini ya boneti unapooza kila kitu. Likisimama na feni ikazimika, upepo unakatika ghafla, lakini joto lililomo kwenye chuma bado halijapata pa kwenda. Kwa muda, chini ya boneti panakuwa na joto kuliko lilivyokuwa barabarani. Kama kuna oili inayodondoka juu ya eksozi, hiyo ndiyo saa yake.

Mfano ninaoutumia darasani ni wa Marekani. General Motors ilikuwa na injini ya V6 ya lita 3.8, iliyofungwa kwenye magari mengi ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000: Pontiac Grand Prix, Buick Regal, Chevrolet Impala, Oldsmobile Intrigue na mengineyo. Gasketi ya tapeti kava, yaani kizuizi cha oili chini ya mfuniko wa juu wa injini, ilichoka kwa umri na joto. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, tone la oili lilitoka na kuangukia eksozi. Jirani na hapo palikuwa na mfereji wa plastiki unaoshikilia waya za plagi. Oili ikiwaka, plastiki inadaka, moto unasambaa.

Kiwanda kikigundua kasoro ya usalama ya namna hiyo, huyaita magari ya aina hiyo yarudi kwa mawakala yatengenezwe bure. Mwaka 2008 General Motors iliyaita magari kama laki mbili, na mwaka 2009 ikayaita mengine kama milioni 1.5. Mafundi wa mawakala wakaagizwa kuung'oa ule mfereji wa plastiki na kufunga vishikizo vingine vya waya. Basi. Yaani waliondoa kuni jikoni, oili wakaiacha iendelee kudondoka. Kwenye karatasi gari likaandikwa kwamba limerekebishwa, mwenye nalo akalala usingizi.

Oktoba 2015 kampuni ikarudi kuyaita magari milioni 1.4, mengi yakiwa ni yaleyale. Magari 1,345 yalikuwa yameshika moto baada ya kufanyiwa matengenezo ya mwanzo, na watu 19 walikuwa wamepata majeraha madogo. Mengi kati ya hayo hayakuwa barabarani. Yalikuwa yameegeshwa, injini imezimwa dakika 5 hadi 15 zilizopita. Na siku tangazo lilipotoka, matengenezo yenyewe yalikuwa hayajawa tayari. Wenye magari waliambiwa wayaegeshe nje, mbali na majengo, wasubiri. Ukikumbuka kwamba nyumba nyingi za huko zina gereji iliyoungana na nyumba, ukuta mmoja na jiko au chumba cha kulala, utaelewa kwa nini agizo hilo halikuwa la mzaha.

Mwenye gari huuliza: kama mnaujua ubovu, mbona nisubiri miezi? Sheria ya Marekani inakitaka kiwanda kimwandikie mwenye gari ndani ya siku 60 baada ya kuitaarifu NHTSA, mamlaka ya usalama wa barabarani ya huko. Haisemi kwamba katika siku hizo spea nayo iwe imefika. Matokeo yake mara nyingi barua huwa mbili. Ya kwanza inasema gari lako lina hatari, egesha nje. Ya pili, ambayo huweza kuchelewa sana, inasema sasa njoo. Kwa gari kuukuu kusubiri kunazidi, maana spea ilishaacha kutengenezwa kwa wingi siku nyingi, na sasa inatakiwa kwa mamia ya maelfu kwa mpigo.

Usidhani ni hadithi ya zamani. Septemba 2023 Hyundai na Kia ziliyaita kwa pamoja magari milioni 3.37 ya Marekani, ya matoleo ya 2010 hadi 2019. Oili ya breki ilikuwa ikivuja ndani ya kifaa cha ABS, kinachozuia magurudumu yasikwame ukifunga breki, na kuweza kuleta shoti. Kifaa hicho kina umeme hata gari likiwa limezimwa, kwa hiyo moto uliweza kuanza usiku wa manane gari likiwa limelala. Agizo likawa lilelile, egesha nje. Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kubadilisha fyuzi ili umeme mwingi usipite. Mimi sina ugomvi na fyuzi, inafanya kazi yake, lakini mwanafunzi wangu akiniletea jibu la kuweka fyuzi na kuacha kinachovuja kiendelee kuvuja, simpi maksi zote. Novemba mwaka huohuo NHTSA ilianza kuzikagua kampuni hizo mbili juu ya mfululizo wa miito yao ya namna hiyo.

Kisa kinachoniuma zaidi hakihusu mamilioni. Oktoba 2004, dada wawili wa California, Raechel Houck wa miaka 24 na Jacqueline wa miaka 20, walikuwa kwenye gari la kukodi, Chrysler PT Cruiser. Mwezi mmoja kabla, kiwanda kilikuwa kimeyaita magari ya aina hiyo kwa sababu mpira wa oili ya pawa stelingi uliweza kuvuja na kuwasha moto chini ya boneti. Barua ilifika kwa kampuni ya kukodisha. Gari likakodishwa bila kuguswa. Lilishika moto njiani, likagongana na lori, wote wawili wakafa. Mama yao alihangaika miaka mingi mpaka sheria ikapita. Tangu Juni 2016 kampuni ya kukodisha yenye magari zaidi ya 35 haiwezi kukodisha gari lililoitwa kabla halijatengenezwa, na sheria hiyo inabeba majina ya mabinti zake. Wauzaji wa magari yaliyotumika haiwagusi.

Gari linapokuwa mkononi mwa mtu wa tatu au wa nne, barua ya kiwanda inakwenda kwa nani? Na huko Marekani kwenyewe, wajibu wa kiwanda kutengeneza bure una mwisho wake: miaka 15 tangu gari liuzwe mara ya kwanza. Mpaka mwaka 2015 ulikuwa miaka 10 tu. Gasketi haina habari na tarehe hizo.

Sasa tuje kwetu, ambako gari la miaka 15 tunaliita bado bichi. Kenya haipokei gari lililopita miaka minane tangu kutengenezwa. Tanzania inalipokea lakini inalitoza ushuru wa uchakavu. Kwa vyovyote, mengi yanatoka Japani yakiwa yameshatumika, na anuani ambayo kiwanda kinayo ni ya mtu wa kwanza kule Osaka au Nagoya. Mwaka 2012 Toyota iliyaita magari milioni 7.43 duniani kote kwa sababu swichi ya vioo upande wa dereva, iliyopakwa grisi vibaya kiwandani, iliweza kukwama, kuyeyuka na kutoa moshi au moto. Vitz ilikuwemo. Mwenye Vitz wa Mbagala au Kayole nani alimwandikia?

Mama mmoja alinijia na Vitz yake yenye chesesi inayoanza na SCP90, analalamika kioo kinakwama na fundi wa mtaani amekuwa akimpulizia dawa ya kulainisha. Nikamwambia aache kabisa, maana Toyota yenyewe ilionya kwamba vilainishi vya dukani vinaweza kuyeyusha plastiki ya swichi ile. Tukaichukua namba ya chesesi, si kutoka kwenye kadi ya gari bali kwenye bati na kwenye chuma chenyewe, kwa sababu nimeshaona kadi zenye herufi iliyokosewa. Magari ya soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana herufi na tarakimu chache, mstari, kisha namba. Viwanda vya Japani vina kurasa za kutafutia miito kwa namba hiyo. Zimeandikwa Kijapani, lakini simu ya kawaida inatafsiri vya kutosha. Ukipata kwamba gari lako liliitwa na halikutengenezwa, chapisha ukurasa huo, upeleke kwa wakala wa aina hiyo ya gari nchini na uombe jibu la maandishi. Usishangae ukiambiwa gharama ni juu yako. Lakini angalau sasa fundi wako anajua ni kifaa gani cha kubadilisha, hapapasi gizani.

Na usingoje kiwanda kikuambie kwamba gari lako linavuja. Jioni weka kipande cha boksi chini ya injini, asubuhi ukisome. Doa jeusi au la kahawia ni oili ya injini. Jekundu kwa kawaida ni la giaboksi au stelingi. Petroli mara nyingi hukauka isiache kitu, ila pua itakuambia, na hapo usiwashe gari kabisa. Ila boksi lisikudanganye: oili inayodondokea eksozi haifiki chini, inaungua hukohuko. Dalili yake ni harufu ya oili iliyoungua unaposimama kwenye foleni, au moshi mwepesi kwenye kingo za boneti. Fundi akikuambia injini “inatoka jasho tu”, muulize jasho hilo linaelekea wapi. Linaloteremka upande usio na eksozi linaweza kungoja sevisi. La upande wa eksozi halingoji, na gasketi ya tapeti kava si spea ya kukopea.

Mengine tunajitengenezea wenyewe, na hayamo kwenye barua ya kiwanda chochote. Fyuzi imeungua, mtu anaweka kipande cha waya. Redio na alamu zimeungwa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi yoyote. Mpira wa maji umefungwa kwenye njia ya petroli kwa sababu ndio uliokuwepo dukani. Injini inaoshwa kwa petroli ing'ae kabla ya kuuzwa. Na tambara. Jamani, tambara la fundi lililosahaulika juu ya injini nimelikuta mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, mengine ya vijana wetu wenyewe wa karakana.

Unayesubiri spea, egesha pasipo na paa, mbali na ukuta, jiko na gari jingine, na usiondoke papo hapo. Subiri kama robo saa hivi, pitia simu yako kando, kisha uingie ndani. Kikitokea moshi ukiwa barabarani, weka gari pembeni, zima swichi, toa watu wote na msogee mbali, si hatua tatu za kupigia picha. Boneti usiifungue wazi, unaupa moto hewa uliyokuwa unaitafuta. Kama una mtungi wa zimamoto na moto bado ni mdogo, puliza kupitia upenyo wa chini au mwanya mdogo wa boneti. Ukishatoka nje ya boneti, achana nao. Tanzania piga 114, Kenya 999. Na kama gari lako limefungwa mfumo wa gesi, kama mengi ya Dar es Salaam siku hizi, waambie tangu kwenye simu kwamba nyuma kuna mtungi.