Mtoto anayekoroma na kukatika pumzi hasubirishwi MRI

Swali: Nyama za puani ni nini?
Jibu: Ni tishu za kinga zilizo nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa laini. Huwa kubwa zaidi mtoto akiwa na miaka 3 hadi 7, kisha husinyaa. Zikiwa kubwa mno huziba njia ya hewa, ndipo mtoto hukoroma na kukatika pumzi usingizini. Huzioni kwa kummulika mtoto kinywani.

Swali: Jirani anasema ni MRI pekee, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, inayozionyesha. Nisubiri nipate fedha?
Jibu: Usisubiri. Hapa Mbeya ninapokea wazazi kutoka Rungwe na Chunya waliokaa miezi wakingoja mazao yauzwe ili walipie kipimo ambacho hakuna daktari aliyekiagiza, huku mtoto akilala mdomo wazi na kuamka amechoka. Daktari wa masikio, pua na koo husikiliza maelezo yako, hutumia kamera nyembamba inayopitishwa puani, au huagiza eksirei ya shingo ya upande. Kwa watoto wengi hayo yanatosha.

Swali: Basi MRI ina kazi gani?
Jibu: Hutumia sumaku badala ya mionzi na huonyesha vizuri tishu laini, hivyo daktari huiagiza anaposhuku uvimbe wa aina nyingine. Hata hivyo huweza kuchukua zaidi ya nusu saa katika kelele kubwa, na mtoto mdogo asiyetulia hupewa dawa ya usingizi, jambo linalohitaji uangalifu mkubwa ikiwa njia yake ya hewa tayari imebana. Nasema tena: usiisubiri.

Swali: Je, si baridi ya Juni na Julai tu?
Jibu: Si baridi, hata kama unaishi Uyole, penye baridi kali hapa Mbeya. Mafua hupita, mtoto anayekoroma kila usiku, anayekatika pumzi kisha kushtuka, au ambaye mwalimu analalamika kwamba hasikii, ana tatizo linalohitaji daktari.

Swali: Bibi yake anataka akatwe kimeo.
Jibu: Kwa heshima zote kwa bibi, hapana. Kimeo hakizibi pua, na wembe huo huleta damu isiyokatika, usaha na pepopunda.

Swali: Nije na nini kliniki?
Jibu: Mrekodi kwa simu akiwa amelala, kifua kikionekana, dakika moja tu. Ukiona midomo inabadilika rangi au mbavu zinaingia ndani anapovuta hewa, acha kurekodi, mpeleke hospitali usiku huohuo.