Nukta ya usawa wa gharama: maana yake darasani

Nukta ya usawa wa gharama ni idadi ambayo ikifikiwa, bei mbili zilizopangwa kwa njia tofauti hutoa jumla moja. Kabla ya idadi hiyo bei moja huwa nafuu, na baada yake unafuu huhamia kwa nyingine.

Tuchukulie kwamba shule moja ya Dar es Salaam inapanga kuwapeleka wanafunzi kuona magofu ya Kaole, Bagamoyo. Mwenye Kosta ya viti 29 anataka shilingi 150,000 kwa siku, na shule ijilipie kiingilio cha shilingi 2,000 kwa kila mwanafunzi. Wakala mwingine anatoza shilingi 8,000 kwa kichwa, kiingilio kikiwa humo humo. (Bei hizi ni za mfano tu, na walimu tumewaacha nje ya hesabu.) Wanafunzi wakiwa n, gharama ya kwanza ni 150,000 + 2,000n na ya pili ni 8,000n; tukizisawazisha tunapata 6,000n = 150,000, yaani n = 25.

Wanafunzi wengi hukimbilia kulinganisha 2,000 na 8,000, wakasahau zile 150,000 zinazolipwa hata gari likiondoka na watoto watano. Kwa hiyo naona ni heri kuanza na jedwali kabla ya aljebra. Wakiwa 10, Kosta inagharimu 170,000 na wakala 80,000. Wakiwa 25, zote ni 200,000. Wakiwa 29, Kosta ni 208,000 na wakala 232,000. Hapo darasa huona lenyewe kwamba kila mtoto anayeongezeka hupunguza pengo kwa 6,000, na kugawanya 150,000 kwa 6,000 hakuhitaji tena kukaririwa.

Mlinganyo, hata hivyo, haujui idadi ya viti. Mtoto wa 30 anahitaji Kosta ya pili, na gharama inaruka hadi 360,000 ilhali wakala anadai 240,000. Kwa magari mawili nukta mpya ni 50, kwa hiyo, magari yasipozidi mawili, Kosta ni nafuu kwa wanafunzi 26 hadi 29, kisha tena kwa 51 hadi 58 tu. Mwenye gari akikubali kushuka hadi 120,000, nukta hizo husogea hadi 20 na 40. Kwenye grafu mistari ya Kosta hushuka, lakini mwinamo wake haubadiliki.