Borobudur: hekalu lisilo na mlango

Borobudur ni hekalu la kale la Wabudha katikati ya kisiwa cha Java, Indonesia. Lilijengwa kati ya karne ya 8 na ya 9, enzi za ukoo wa kifalme wa Sailendra, kwa mawe ya volkano yaliyopangwa juu ya kilima bila saruji wala chokaa. Ukitafuta ukumbi wa ibada hutauona. Hekalu hili haliingiwi, hupandwa.

Muumini huanzia upande wa mashariki, akalizunguka ngazi kwa ngazi, ukuta ukiwa mkono wake wa kulia. Njiani husoma mawe: maisha ya Buddha yamechongwa humo, na pia meli zenye mihimili ya pembeni kama ya ngalawa za pwani yetu. Juu kabisa michongo hukoma. Hubaki stupa 72, yaani minara ya Kibudha yenye umbo la kengele, zenye matundu, zilizozunguka moja kubwa iliyozibwa. Ndiyo safari yenyewe, kutoka dunia ya tamaa hadi pasipo umbo.

Ngazi ya chini kabisa, iliyochorwa dunia hiyo ya tamaa, imefichwa, na kwangu hapo ndipo penye uzito. Mwaka 1885 iligundulika kuwa nyuma ya mawe ya chini kuna paneli 160 za karma, yaani matendo na malipo yake. Anayechemsha samaki na kasa, naye anaonekana akitokoswa motoni. Baadhi ya paneli hazikumalizika. Wengi huamini ukuta wa nje uliongezwa ili kilima kisiporomoke. Kassian Cephas, mpiga picha Mjava, alizipiga picha zote mwaka 1890 na 1891, kisha zikafunikwa tena. Leo huonekana chache tu kwenye kona ya kusini-mashariki.

Hekalu lilihamwa karne nyingi, likamezwa na majivu na msitu. Raffles, gavana Mwingereza, husifiwa kwamba alilivumbua mwaka 1814. Sifa hiyo imezidi: wenyeji ndio waliompa habari. Adui mkubwa wa jengo alikuwa maji ya mvua yaliyopenya kilimani, hivyo ukarabati ulioungwa mkono na UNESCO, ulioanza 1975, ulibomoa ngazi za mraba, ukaweka mifereji, kisha ukarudisha kila jiwe mahali pake. Tangu 1991 ni Urithi wa Dunia, na kila mwaka, sikukuu ya Waisak ya kumkumbuka Buddha, Wabudha wa Indonesia huandamana kwa miguu kutoka hekalu la Mendut kwenda kuabudu hapo.