Bao, kete na namba 4,294,967,297

Bao tunalocheza barazani hapa Wete lina mashimo 32 na kete 64, nami hulitumia skulini kuwaonesha wanafunzi wa kidato cha nne jinsi namba inavyokua. Tukitia kete 2 katika shimo la kwanza, 4 katika la pili, 8 katika la tatu, na kuendelea hivyo maradufu, shimo la mwisho litahitaji kete 4,294,967,296, yaani 2³². Ukiongeza kete moja unapata namba ninayoipenda kuliko zote.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat wa Ufaransa aliandika kwamba anaamini namba zote za umbo hili, yaani 2 yenye kipeo kisha ikaongezwa 1, ambazo kipeo chake ni 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, ni namba tasa. Alikuwa na sababu: 3, 5, 17, 257 na 65,537 ni tasa kweli. Ya sita ndiyo hii yetu, na mwaka 1732 Leonhard Euler alionesha kuwa ni 641 × 6,700,417. Hadi leo haijapatikana tasa nyingine ya aina hii baada ya 65,537.

Wanafunzi hutaka kuchukua simu na kugawa. Mimi huwaomba kwanza waitazame 641 yenyewe, kwa kuwa ina sura mbili. Ya kwanza ni 5 × 2⁷ + 1. Basi 5 × 2⁷ imepungukiwa na moja kuifikia 641, na ni sawa na kusema ikigawanywa kwa 641 inabakisha −1. Tukiipandisha kwa kipeo cha 4, hasi inaondoka, na 5⁴ × 2²⁸ inabakisha 1. Sura ya pili ni 625 + 16, yaani 5⁴ + 2⁴, kwa hiyo mahali popote penye 5⁴ tunaruhusiwa kuweka −2⁴. Nilipofika hapo, msichana mmoja aliuliza, "Mwalimu, sasa hiyo 32 itatoka wapi?" Kabla sijamjibu alikuja ubaoni, akafuta 5⁴ kwa kiganja, akaandika −2⁴ mahali pake, kisha akajumlisha 4 na 28. Ikawa −2³² inabakisha 1, na kwa hiyo 2³² + 1 haibakishi kitu.

Je, 6,700,417 nayo inagawanyika? Baadaye Euler alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba yetu, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakishe 1. Sharti hilo ni kali mno: tasa za kwanza zinazolitimiza, 193, 257, 449 na 577, zinashindwa kuigawa namba yetu, na kuanzia 641 hadi kipeuo cha pili cha 6,700,417, ambacho hakifiki 2,589, zimo saba tu: 641, 769, 1,153, 1,217, 1,409, 1,601 na 2,113. Darasa liliigawa 6,700,417 kwa kila moja ya hizo saba, kwa mkono, katika kipindi kimoja, na hakuna iliyoingia sawasawa; basi 6,700,417 ni tasa. Ya mwisho, 2,113, ilibakisha 94.