Mkojo negativu haimaanishi hajavuta kitu

Jana mchana mama mmoja ameshuka boda hapa Kondele, Kisumu, na kijana wake, macho mekundu, moyo unakimbia 130, nikapima mkojo na kile kipimo cha bangi, mistari miwili ikatoka safi kabisa, yaani negativu. Mama akapumua: "Si umeona daktari, hajavuta." Halafu akaongeza yale maneno yamenichosha: hata kama amevuta ni ile ya pakiti, bangi ya maabara, si hiyo ni halali?

Mimi nashinda maabara na hiyo bangi sijawahi kuiona.

Chukua JWH-018, moja ya kemikali za hiyo bangi ya pakiti, iliyotengenezwa na kikundi cha profesa John Huffman pale Clemson, Marekani, wakichunguza vipokezi vya ubongo, sio kutafutia watu starehe. THC, ile kemikali ya bangi inayolewesha, ni kaboni, haidrojeni na oksijeni basi. JWH-018 ina naitrojeni kwenye pete yake iitwayo indoli, na pembeni imebeba naftalini, ndiyo, mifupa ile ile ya vidonge vyeupe vya kabati (msianze kuvuta vidonge vya kabati tafadhali). Kinachofanana ni kamkia ka kaboni tano tu. Kile kipimo kinatafuta mabaki ya THC, sasa kitaonaje kitu ambacho sio THC?

Na hapa ndipo watu hunikera, hata wenzangu wa koti jeupe, wanasema "ni kama bangi lakini kali", wanamaliza. Hapana! Kushika kipokezi na kukisukuma ni vitu viwili. Kwa CB1, kipokezi cha ubongo ambacho bangi inashika, kuna namba inaitwa Ki, ikiwa ndogo mshiko ni mkali: ya THC ni kama 41, ya JWH-018 kama 9, kwa hivyo JWH-018 inashika kwa nguvu zaidi, sawa, hiyo ni moja. Ya pili ndiyo mbaya: THC inasukuma nusu nusu, ni matatu yenye gavana ya kuzuia mwendo, dereva akanyage mpaka mguu uchoke lakini 80 ndiyo mwisho. JWH-018 imetolewa gavana. Ndio maana huwezi kusema "nitavuta kidogo itakuwa sawa na bangi", na tena majani ya kwenye pakiti yamenyunyiziwa dawa ovyo, upande mmoja hakuna kitu, upande mwingine imejaa. Nami nikiri, hizo 9 na 41 ni za kwenye vichupa, haziniambii kifua cha yule kijana kitafanya nini saa mbili usiku.

Uhalali nao haraka. Ujerumani ilipiga JWH-018 marufuku Januari 2009, Marekani Machi 2011. Wauzaji wakahamia AM-2201, karibu ile ile ila ina florini kwenye mkia, haiko kwenye orodha, inauzwa. Umoja wa Mataifa ukaziingiza zote mbili kwenye orodha yake 2015. China ilichoka kukimbizana na majina, 2021 ikafunga familia nzima. Hiyo "halali" ya kwenye pakiti mara nyingi ni jina tu ambalo karani hajafikia kuliandika. Na kwetu Kenya hata bangi yenyewe ni haramu kwa sheria ya 1994, sasa bangi halali itatoka wapi mama?

Nikamwandikia: negativu kwa THC. Chini yake nikaongeza kwa kalamu, haimaanishi hajavuta, aende kwa daktari leo leo apimwe moyo. Akaisoma mara mbili, akaniuliza kama hiyo sentensi ya pili pia inalipiwa.