Wapagazi wa Carrier Corps: Dhana Potofu na Ukweli

Wapo wanaoamini kwamba Kariakoo, jina la soko la Dar es Salaam, ni neno la Kizaramo. Asili yake ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi walichokiunda Waingereza mwaka 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, katika Afrika Mashariki ya Kiingereza, yaani Kenya ya leo, kikiongozwa na Oscar Watkins, ofisa wa serikali ya kikoloni. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwezi Septemba 1916, wapagazi walipiga kambi mahali lilipo soko sasa. Kambi yao ya Nairobi nayo ikaacha jina la Kariokor.

Dhana inayoniudhi zaidi ni kwamba hao walikuwa wasaidizi wa pembeni, na vita vilikuwa vya wenye bunduki. Ukishaiacha njia ya reli, barabara zilikuwa haba, na farasi, nyumbu na ng'ombe waliangamizwa na maradhi ya inzi wa ndorobo, hivyo mzigo ukabaki kichwani mwa binadamu. Tuseme mpagazi amejitwisha kilo 25 za unga juu ya ngata yake, na posho yake ni kilo moja kwa siku: akienda siku kumi na kurudi siku kumi, yeye mwenyewe amekula kilo 20, na askari aliyeko mbele amefikiwa na kilo tano. Kwa hiyo kila askari alihitaji wapagazi kadhaa nyuma yake, na wapagazi nao wakahitaji wenzao wa kuwabebea chakula. Hata jeshi la Wajerumani la Paul von Lettow-Vorbeck liliishi kwa migongo ya wapagazi, hadi liliposalimisha silaha huko Abercorn, Mbala ya leo nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918.

Husemwa pia kwamba walijitolea. Labda baadhi, mwanzoni; lakini mwaka 1915 ilitungwa sheria ya kuwachukua watu kwa lazima, na mwaka 1917, jeshi lilipokuwa likisonga kusini, John Ainsworth, ofisa mwingine wa serikali ya kikoloni, alisimamia kamatakamata kubwa zaidi.

Kuhusu vifo, wengi hufikiria risasi, ilhali wauaji wakuu walikuwa kuhara damu, malaria na kichomi. Unga wa mahindi ulisongwa upesi upesi na watu waliochoka, ukaliwa haujaiva, na miongoni mwa walaji walikuwamo ambao kwao ugali haukuwa chakula cha kila siku. Matumbo yao hayakustahimili. Wanahistoria hukadiria kwamba wapagazi waliokufa upande wa Waingereza walikaribia 100,000.

Anayedai kwamba hawakukumbukwa kabisa anakosea kidogo. Sanamu za ukumbusho wa vita hivyo za Nairobi, za mwaka 1928, zina mpagazi, na maandishi yake yanawataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi. Ile ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, inaonyesha askari peke yake, bunduki yake ikiwa na singe. Kote kuwili hakuna jina la mpagazi hata mmoja.