Redio ya mtumba: waya kwanza, redio baadaye

Kila mara napata ujumbe ule ule, "fundi nina hela kidogo, ninunue redio gani nianze redio za ridhaa?", yani kuzungumza na watu wa mbali kwa redio kama burudani, na jibu langu linawashangaza maana sitaji redio, nauliza unakaa wapi, una uwanja, kuna mti mrefu karibu, umeme wako ukoje. Mi natengeneza redio za mawasiliano hapa Tanga miaka mingi sasa, na nimeona watu wanamaliza hela yote kwenye redio alafu redio inakaa mezani haina pa kupumulia, yani haina antena.

Kwa hiyo waya, ndo antena yako. Kwa bendi ya mita 20, yani megahezi 14 na kidogo, chukua 143 ugawe kwa masafa unayotaka, 143 kwa 14.15 unapata mita 10.1 hivi, kata katikati, kila upande mita 5 na kitu. Waya wa kawaida wa umeme wa milimita 1.5 unatosha kabisa. Acha sentimita 20 za ziada kila upande, kupunguza ni rahisi, kuunga ndo kazi. Sisi wa pwani tuna minazi, pitisha kamba ya nailoni juu, katikati ya waya ipande mita 8 au 10, ncha zishuke pande mbili kama paa la nyumba. Ukitaka Ulaya na Afrika Kusini nyoosha waya mashariki magharibi, kwa sababu antena hii inarusha zaidi ubavuni kuliko kwenye ncha zake.

Kebo ya kutoka katikati ya waya mpaka kwenye redio tumia ile ya dishi. Watakwambia haifai, ni ohm 75 na redio inataka 50. Jamani inafaa! Tofauti hiyo inakupa SWR, yani kipimo cha nguvu inayorudi redioni, ya 1.5 hivi, redio hata haishtuki, na inapoteza nguvu kidogo kuliko RG-58, kebo nyembamba ya ohm 50 ambayo ni ghali zaidi. Shida yake ni moja, wavu wake mara nyingi ni wa aluminiamu, lehemu haishiki, kwa hiyo tumia vichwa vya kukaza vya dishi na adapta ya kwenda PL-259, plagi ya antena ya redio hizi. Na chumvi ya bahari inakula kila kitu huku, mi kila kiungo nakifunga na mpira wa tyubu ya baiskeli nimeuvuta kwa nguvu, juu yake teipu nyeusi.

Sasa umeme, hapa ndo watu wengi wanaumia bila kujua. Redio ya wati 100 ikirusha inavuta kama ampea 20 kwa volti 13.8. Betri ya sola ni nzuri sana, haina kelele kama pawa saplai za bei chee, ila angalia waya. Waya wa milimita 2.5 wenye mita 3, umeme unaenda na kurudi kwa hiyo ni mita 6, kwa ampea 20 unapoteza karibu volti 0.9. Betri ina 12.6, redioni zinafika 11.7, na redio nyingi zimeandikwa 13.8 jumlisha au toa asilimia 15, yani mwisho wa chini ni hapo hapo. Na hapo sijahesabu betri yenyewe kushuka ikibanwa. Sauti yako inakwaruza, wenzio wanakwambia hueleweki, we unadhani umeuziwa redio mbovu kumbe ni waya. Weka milimita 6, ufanye mfupi, fyuzi karibu na betri.

Ndo tuje kwenye redio. Nilishawahi kununua moja iliyokuwa inapokea vizuri mno, nikasikiliza Ulaya pale pale kwa muuzaji nikatoa hela, nyumbani nabonyeza maiki hamna hata wati moja, transista za mwisho, zile zinazosukuma nguvu kwenye antena, zilikuwa zimekufa siku nyingi. Tangu hapo silipi bila kuona inarusha. Weka mzigo bandia wa ohm 50, unaokaa badala ya antena, na mita ya wati, weka hali ya CW, yani ya Morse, bonyeza ufunguo sekunde chache, soma kila bendi. Mzigo unautengeneza mwenyewe, rezista 20 za ohm 1000 ukizipanga sambamba unapata 50 kamili, chukua za wati 2 au 3, zisiwe za waya wa kuzungusha, zitumbukize kwenye kopo la mafuta. Muuzaji akiwa mbali mwambie akurekodie video ya jaribio hilo hilo, asipotaka achana naye.

Kwa anayeanza napenda Icom IC-718, ya kawaida, vitufe vichache, wati 100. Zile za zamani zenye valvu kama Yaesu FT-101 ni nzuri ila valvu zake za 6JS6C zilikuwa za televisheni na hazitengenezwi tena, na ndani kuna volti mia kadhaa zinazoua. Kenwood TS-440S ikionyesha nukta badala ya namba usiikimbie haraka, mara nyingi ni gundi ya kwenye VCO, saketi inayotengeneza masafa, imezeeka, ukiwa na subira inakwanguliwa, kwa hiyo tumia hilo kupunguza bei.

Kurusha subiri leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, hilo halina njia ya mkato. Wakati unasubiri weka megahezi 14.100 usikilize. Kuna vituo 18 duniani vinapokezana hapo, kila kimoja sekunde 10, mzunguko dakika 3, Kenya imo kwa jina la 5Z4B, Afrika Kusini ZS6DN, Japani JA2IGY. Kila kituo kinataja jina kwa Morse alafu kinatoa milio mirefu minne, wati 100, kisha 10, kisha 1, kisha sehemu ya kumi ya wati. Hesabu unasikia mpaka mlio wa ngapi. Siku ukisikia mlio wa tatu kutoka Japani kwa waya wako wa dukani uliofungwa kwenye mnazi, nitumie ujumbe, nataka kujua.